Kompyuta Iliyokaa Tarehe Kumi na Nne Machi

Kwa miaka sita msimamizi wa mifumo ya kompyuta katika shule ile aliitwa Leseni, na tusidanganyane, hawakumpa jina hilo kwa kumsifu. Lilianzia chumba cha walimu, juma lake la kwanza kazini, alipopita meza kwa meza akiwasha kompyuta na kumuuliza kila mwenye nayo swali moja tu: hii programu ina leseni? Mwalimu wa hesabu akamjibu kwamba hata baiskeli yake haina. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika, na tangu siku hiyo jina lake la kweli likabaki kwenye barua ya ajira.

Alikuwa mwembamba, miaka hamsini na kitu, shati limechomekwa vizuri na shada la funguo kiunoni. Shule yenyewe ilikuwa ya bweni, ya wanafunzi wasioona, na zile funguo ndizo zilizomtambulisha. Akipita ukumbini, wanafunzi walisikia mlio wakamsalimia kabla hajafungua mdomo. Alijifanya hajali, lakini siku alipozisahau nyumbani akapita kimya bila kusalimiwa na mtu, alirudi jioni amenuna.

Ukitaka kumwona akiwa hai kweli kweli, ungemkuta saa nne asubuhi, wakati wa chai, kikombe mkono mmoja na kidole cha mkono wa pili hewani. Hoja zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba programu ya wizi ni wizi, hata kama mwenye mali yuko mbali na hajui kama wewe umezaliwa. Ya pili, aliyoiamini zaidi, ni kwamba anayekupa programu iliyovunjwa kufuli amekwisha kuingia ndani kabla yako, na hujui ameacha nini humo. Mwalimu wa hesabu alimjibu kwamba bei zile ziliwekwa kwa watu wenye mshahara mwingine kabisa, na mtu anayekuuzia kiatu kwa bei ya ng'ombe amekwisha kuamua kwamba utembee peku au uibe. Leseni alisema ipo njia ya tatu, programu huria, watu wameziandika wenyewe na kuzitoa bure kwa hiari yao. Hapo karani wa shule angeguna, maana hizo za bure ndizo zilizomfichia kitufe cha kuchapa, akakitafuta siku nzima.

Pamoja na kelele zote hizo, Leseni alishinda. Mwaka wake wa pili hapo hapakuwa na programu ya wizi katika ofisi yoyote. Alizifuta kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, wenyewe wakiwa wamesimama nyuma yake na sura za msiba.

Jumapili mjadala ulihamia nyumbani kwake, kwa kuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na soko, na mjini kote walimwita Flashi. Ukitaka programu yoyote duniani, Flashi alikuwa nayo kwenye kitu kidogo kilichoning'inia shingoni mwake. Yeye hoja yake ilikuwa moja na aliirudia kila Jumapili: nikinakili, mwenyewe bado anayo, sasa nimemwibia nini? Leseni aliweka kijiko chini na kuanza upya. Mke wa Leseni alikwisha kusema kwamba siku wawili hao wakipatana, yeye atajua mmoja wao ni mgonjwa.

Lakini kulikuwa na kompyuta moja ambayo Leseni hakuwahi kuigusa, na hilo shemeji hakulijua, wala mkewe.

Ilikuwa katika karakana ya chapa, nyuma ya jiko la shule, chumba kirefu chenye rafu za karatasi nene mpaka darini. Humo ndimo vitabu vilipogeuzwa kuwa nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa ncha za vidole. Mpiga chapa alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aitwaye Mama Nukta. Yeye aliandika maneno kwenye kompyuta, programu maalumu ikayageuza kuwa nukta, na printa kubwa ikazigonga kwenye karatasi kwa kishindo ambacho hata jikoni walikisikia. Kisha kurasa zilikwenda kwa mhakiki, bwana mmoja asiyeona tangu utotoni, aliyekaa dirishani akisoma kwa mikono miwili, wa kushoto ukitangulia mstari, wa kulia ukifuata. Huyo walimwita Vidole. Hata kosa liwe dogo kiasi gani, vidole vyake vilisimama juu yake.

Sasa sikiliza alichokiona Leseni humo juma lake la kwanza. Mama Nukta aliwasha kompyuta, na kabla hajafanya kitu kingine alikwenda kwenye saa ya mashine akaandika: tarehe kumi na nne Machi, mwaka fulani uliokwisha kupita zamani. Ndipo akafungua programu ya nukta na kuanza kazi. Kesho yake vivyo hivyo. Leseni alipochungulia mafaili, yote, vitabu vya miaka mitatu, yaliandikwa tarehe moja hiyo hiyo. Katika chumba kile kila siku ilikuwa tarehe kumi na nne Machi.

Hakuhitaji kuambiwa. Ujanja ule aliujua vizuri, maana naye ujanani aliufanya, tena sana. Unapata programu ya kujaribu kwa siku thelathini, siku zikikaribia kwisha unairudisha saa ya kompyuta nyuma, na programu, mjinga wa watu, inadhani bado ni mwezi ule ule. Aliwahi kuishi miezi ishirini ndani ya Februari moja kwa njia hiyo. Kwa hiyo alipomwona yule mama akiandika tarehe, alijua yuko mbele ya programu ya wizi, na ni programu ambayo shule haiwezi kuishi bila hiyo.

Akafumba macho. Alijaribu programu mbili za bure, lakini printa ilikuwa ya zamani na ilitapika nukta zisizosomeka. Vidole alipitisha mkono juu ya ukurasa akauliza kama huo ni upele. Basi Leseni akaacha mambo yalivyo, na hakumuuliza Mama Nukta neno lolote, asimwaibishe. Kila asubuhi alimsalimia kwa adabu zote na kutazama pembeni yule mama alipogusa saa. Moyoni alijiona mtu mwema mwenye siri nzito. Saa nne alirudi chumba cha walimu kuwahubiria wengine.

Miaka sita ilikwenda hivyo, mpaka ilipokuja barua ya ofisi ya mitihani.

Mkuu wa shule alimwita Jumatatu na kumsogezea fomu. Kuanzia mwaka ule, karakana yoyote itakayochapa mitihani ya taifa lazima itoe tamko kwamba programu zake zote ni halali, nakala zisivuje wala mashine zisiingiliwe. Mkaguzi angefika Ijumaa saa nne. Chini ya ukurasa kulikuwa na mstari mmoja wa saini, na chini ya mstari maneno matatu: Msimamizi wa Mifumo.

"Saini tu," mkuu alisema. "Nani kama wewe katika mambo haya? Ningekuwa na shaka na mtu, isingekuwa wewe."

Leseni alichukua fomu. Akisaini, amesema uongo mbele ya serikali, kwa mkono ule ule uliofuta programu za wenzake. Asiposaini, karakana haitachapa, na karakana nyingine ya nukta haikuwapo karibu. Watahiniwa walikuwa arobaini na wawili. Kila mmoja angepewa mtu wa kumsomea mtihani kwa sauti, na barua ilieleza hivyo kwa lugha nzuri kabisa.

Vidole ndiye aliyemwambia maana yake, siku hiyo hiyo, bila kujua Leseni amebeba nini. Alisema yeye mwenyewe alifanya mtihani wake kwa kusomewa. Msomaji wake alikuwa na mafua na haraka. Kila akiomba swali lirudiwe, msomaji alishusha pumzi, mpaka akaona haya kuomba. Swali la tisa la hesabu hakulisikia mwisho wake, akajibu nusu aliyoisikia. Ilikuwa miaka thelathini iliyopita, na alilisimulia swali la tisa kana kwamba lilimtokea asubuhi ile. Leseni alitoka nje akasimama kando ya mapipa ya maji, hana pa kushika.

Jumanne alimweleza mkewe. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya vyombo, kisha akamuuliza anaogopa kufukuzwa au anaogopa kuchekwa. Leseni alifikiri akasema vyote viwili. Mkewe akamwambia ni afadhali amekiri, kisha akamshauri aende kwa Flashi, pengine kuna namna.

Namna ilikuwapo. Flashi, aliposikia, alicheka mpaka akakaa chini kwenye kiti cha mteja. Miaka sita shemeji yake alikuwa akimvunjia chakula cha Jumapili, kumbe naye ana mzigo wake uvunguni! Alipomaliza kucheka akawa mpole. Alisema atakuja na kifaa chake, atabandika leseni ya bandia ndani ya programu, jina la shule juu, muhuri chini, na hakuna mkaguzi aliyezaliwa atakayejua.

"Shemeji, mimi sikucheki tena," alisema. "Nataka kukuokoa. Dakika kumi tu."

Leseni alikitazama kile kitu kidogo kilichoning'inia, na nisikufiche, alikitamani. Kisha akawaza mitihani ya taifa ndani ya kompyuta iliyofunguliwa na mkono wa Flashi, na hoja yake ya pili, ile aliyoihubiri saa nne kila siku, ikamgeukia yeye mwenyewe. Alishukuru akaenda zake. Flashi alimwita mara mbili, naye hakugeuka.

Jumatano alikaa na fomu mbele yake saa nzima, akajipiga moyo konde, akaandika kwa mkono: programu zote ni halali isipokuwa moja. Hakusaini bado. Aliona si haki Mama Nukta aje asikie habari hiyo kwa mkaguzi. Angemwambia kwanza.

Alhamisi asubuhi alifika karakana mapema. Vidole alikuwa dirishani na ukurasa wake. Mama Nukta alikuwa ndiyo kwanza anapandisha swichi kubwa ya ukutani, ile aliyoizima kila jioni kwa kuogopa moto. Kompyuta ikaamka. Mama akavaa miwani, akaenda kwenye saa.

"Mama," Leseni alisema. "Nani alikufundisha kuirudisha tarehe nyuma?"

Mama Nukta aligeuka. "Kuirudisha nyuma?"

"Hivyo unavyofanya kila siku."

"Mimi siirudishi nyuma, baba. Mimi naipeleka mbele."

Yule mama akaona hajaeleweka, akamwonyesha kwa kidole, polepole, jinsi unavyomwonyesha mgeni njia. Kwenye kioo, pale ambapo hakuwa amegusa bado, mashine ilikuwa imeamka na tarehe mosi Januari ya mwaka wa mbali zaidi, miaka mitano nyuma ya ile Machi yake. Ilikuwa ikiamka hivyo kila siku, alisema. Usipoisukuma mbele, programu inagoma, inaandika maneno ya Kiingereza kwamba leseni haijaanza. Marehemu mkuu wa karakana, yule wa kwanza, alimwonyesha siku moja kabla hajalazwa: weka tarehe, kisha fungua. Siku hiyo ilikuwa kumi na nne Machi. Yeye aliandika kwenye daftari lake hivyo hivyo, na kwa miaka tisa hakuwahi kukosea hata siku moja.

Aliyasema haya kwa fahari kidogo. Leseni alikuwa haoni kioo tena. Miaka sita alikuwa akitazama pembeni! Kila alipofika tarehe ilikuwa imekwisha kuandikwa, au inaandikwa, naye keshageuza shingo kwa adabu. Hakuwahi hata mara moja kuona mashine ilikuwa inatoka wapi. Kompyuta inayosahau tarehe kila inapozimwa ina ugonjwa mmoja ambao mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeutaja: betri ndogo ya saa, ile ya duara ndani ya ubao, imekufa.

"Mama, hebu niachie kiti," alisema.

Mama Nukta hakupenda. Alimwambia asiiguse, kuna kurasa mia na kumi za kuchapa. Lakini akasimama. Leseni aliweka tarehe. Hakuweka Machi. Aliweka tarehe ya siku ile ile waliyokuwamo, mwezi ule ule, mwaka ule ule. Kama ilikuwa programu ya kujaribu, ya siku thelathini, ingejua sasa hivi kwamba imekaa miaka na kufunga mlango usoni mwake, na pengine usifunguke tena kamwe. Akabonyeza.

Kioo kikawa cheupe. Vidole, dirishani, aliacha kusoma, kwa kuwa alisikia wenzake wawili wameacha kupumua. Kisha programu ikafunguka, na vitufe vyake vyote, kimya, kama siku zote.

Leseni akaweka paji la uso juu ya meza. Mama Nukta akauliza imeharibika? Akasema hapana. Akauliza sasa analia nini. Akasema hajui.

Hapo ndipo alipowaeleza yote: barua, mkaguzi, fomu, watahiniwa arobaini na wawili. Programu haikuwa ya kujaribu kwa siku thelathini, hilo mashine ilikwisha kumthibitishia. Lakini mkaguzi hatakuja kutazama programu ikifunguka, maana hata ya wizi hufunguka. Atataka karatasi ya leseni, na katika miaka sita Leseni hakuwahi kuiona karatasi hiyo popote.

"Ipo," alisema Vidole. "Marehemu aliandika kila kitu, na alipiga kwa nukta, kwa sababu yeye naye alikuwa haoni kama mimi. Ilikaa droo ya meza hiyo hiyo. Karatasi moja, nene."

Wakafungua droo. Kulikuwa na kalamu, pini, na kopo tupu la mafuta ya mikono. Mama Nukta alisema karatasi ilikuwapo zamani, alikuwa akiiona. Leseni ndipo alipokumbuka. Juma lake la kwanza, printa ilikuwa ikitikisa meza mpaka kioo kinacheza. Alifungua droo, akaona karatasi nene isiyoandikwa kitu, vinundu tu, kama karatasi zote zilizoharibika mle chumbani. Akaikunja mara nne akaisukuma chini ya mguu wa meza. Meza ikatulia, na Mama Nukta akamsifu kwa ufundi.

Alipiga magoti. Mama Nukta aliinua pembe ya meza kwa nguvu zake zote, naye akaivuta, imekuwa ya kahawia kwa vumbi la miaka, ngumu kama ubao. Aliipeleka dirishani akaiweka mikononi mwa Vidole.

Vidole aliikunjua, akaipangusa kwa shati, akaanza. Jina la programu. Jina la shule. Tarehe ya kununua. Idadi ya watumiaji. Muda: hauna mwisho. Kisha nambari ya leseni, tarakimu kumi na mbili. Leseni alifungua dirisha la programu linaloonyesha nambari yake, ile aliyoiona zamani na kuidharau kwa kuwa na za wizi huwa na nambari, na Mama Nukta akasimama mbele ya kioo. Vidole alitaja tarakimu moja moja, na yeye akaitika ndiyo, ndiyo, ndiyo. Walipofika ya kumi, Vidole alinyamaza.

"Hapa pamelala," alisema. "Mguu wa meza umeziua. Sisomi kitu."

Hakuna aliyethubutu kumsaidia kwa kuitaja. Leseni alijiona amezikanyaga zile nukta yeye mwenyewe, kwa kiatu chake. Vidole akaigeuza karatasi, upande wa nyuma, ambako kila nundu huacha kishimo, akabonyeza kwa kucha ya kidole cha shahada, akisoma kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto. Alichukua muda wake wote.

"Nne. Moja. Na ya mwisho ni tisa."

"Ndiyo," alisema Mama Nukta, akavua miwani. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo."

Leseni alicheka. Alicheka vibaya, kwa kelele, mtu aliyetoka chini ya maji, na Vidole akacheka kwa kumsikia. Ni Mama Nukta ambaye hakucheka. Alikuwa ameketi, anafuta miwani kwa ncha ya kanga, na alikuwa akifikiri.

"Baba," alisema. "Ulikuwa unanidhania naiba."

Leseni angeweza kukataa. "Ndiyo, mama," alisema.

"Miaka sita. Unanisalimia kila asubuhi, unaniuliza hali ya wajukuu, na moyoni unasema huyu ni mwizi."

"Niliona nikikuuliza nitakuaibisha."

"Ungeniuliza ningekujibu," alisema. Akavaa miwani. "Nikusamehe kwa nini, na wewe hujaniomba?"

Akaomba. Aliomba akiwa amesimama, mikono mbele, na hakutafuta maneno mazuri. Mama Nukta alimwacha asimame kidogo zaidi ya ilivyohitajika, ndipo akasema amesamehe, lakini adhabu iko pale pale. Vidole ataipanga. Vidole hakufikiri hata kidogo. Alisema mtu anafanya kazi shule hii miaka sita, anajua lugha nne za kompyuta, na akipewa ukurasa wa nukta anauona karatasi tupu ya kuwekea meza. Ajifunze kusoma. Karatasi hii hii ndiyo itakuwa kitabu chake. Yeye ameishia kwenye nambari makusudi. Chini kuna mistari mingine aliyoiacha marehemu, na hatamsomea hata mmoja.

Mchana ule Leseni alimwandikia mwenye programu, yule wa mbali, akampa nambari na kuomba uthibitisho. Ijumaa saa tatu, saa nzima kabla ya mkaguzi, jibu lilikuwa limefika. Nambari ni halali na imesajiliwa kwa jina la shule. Mwandishi wa jibu aliongeza kwamba wanamkumbuka sana yule bwana aliyeinunua, kwa kuwa aliwahi kuwaandikia kurasa tatu za makosa ya programu yao, wakayasahihisha yote, na akauliza hajambo? Leseni alisoma mstari huo mara mbili. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu kwamba mwenye mali hajui kama umezaliwa.

Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa haraka, mwenye mkoba mzito. Alisoma barua, akasikiliza Vidole akisoma karatasi, akalinganisha nambari na kioo, akakagua mlango na kufuli ya kabati. Kisha akauliza tarehe ya leo, aandike kwenye fomu. Mama Nukta ndiye aliyemjibu, kwa kuisoma kwenye kompyuta yake, na ilikuwa ya kweli, kwa sababu asubuhi ile Leseni alikuwa ameweka betri mpya. Leseni akasaini fomu safi.

Jumapili Flashi alitaka kujua ni nani alimfanyia kazi ile, maana yeye hakuitwa. Leseni alimsimulia yote, bila kuruka sehemu ya mguu wa meza, na Flashi akasema hilo ni pigo kubwa kuliko yote aliyowahi kumpiga yeye. Kisha akaanza: sasa shemeji, kama ungeinakili, mwenyewe angepungukiwa nini? Leseni akaweka kijiko chini. Mkewe aliwatazama wote wawili akaona ni wazima.

Kila siku baada ya chai, badala ya kubaki na walimu, Leseni alikwenda dirishani kwa Vidole, akakaa na karatasi ile ya kahawia, macho ameyafunga asiibe kwa kutazama. Kidole chake kilikuwa kizito. Wiki ya kwanza alijua herufi sita. Wiki ya pili alisoma mstari wa kwanza baada ya nambari: betri imekufa. Mama Nukta alipiga kofi moja kwenye meza, akasema hata hilo liliandikwa. Mstari wa pili ulimchukua siku nne: kila asubuhi weka tarehe ya siku hiyo. Safari hii yule mama hakupiga kofi. Alifungua daftari lake la zamani, akaitazama kumi na nne Machi yake, akalifunga.

Wiki ile watahiniwa arobaini na wawili walifanya mtihani wao wa hesabu ukumbini, kila mmoja na karatasi yake, na kwa masaa mawili hapakusikika kitu ila vidole vikipita. Vidole alisimama mlangoni mpaka mwisho, ingawa hakuwa na zamu.

Siku iliyofuata Leseni alifika mstari wa mwisho. Mama Nukta alikuwa akichapa, lakini akasimamisha printa, chumba kikawa kimya. Kidole kikatambaa. Alisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, akakosea, akarudi, akaanza tena. Neno la kwanza lilikuwa *ukikwama*. La pili lilimpa taabu, likawa *muulize*. Hapo akasimama, kidole juu ya neno la tatu, na akalisoma zaidi ya mara moja kabla hajalisema.

"Mama," alisema.